Jinsi ya Kufurahia Dondoo za Historia, Sanaa na Sayansi Mitandaoni: Mwongozo Kamili

Kleopatra alifariki mwaka 30 KK. Piramidi Kuu ya Giza ilijengwa karibu mwaka 2560 KK, na binadamu wa kwanza alikanyaga Mwezi mwaka 1969. Ukipiga hesabu, kutoka ujenzi wa piramidi hadi kifo cha Kleopatra kuna miaka 2,500 na ushei, ilhali kutoka kifo chake hadi safari ya Apollo 11 hata miaka 2,000 haikutimia. Yaani malkia yule wa Misri yuko karibu zaidi na wanaanga kuliko na mafundi walioyapanga mawe ya piramidi.

Dondoo za namna hii ni raha tupu, na mitandao ya kijamii imejaa nazo. Shida ni kwamba nyingi tunazipitia mbiombio: tunashangaa, tunalaiki, tunasukuma skrini, na ikifika jioni hatukumbuki hata moja. Nyingine zimekatwakatwa hadi ukweli ukabaki nusu. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuzifaidi hasa, na msimamo wangu ni mmoja tu: kile ambacho maelezo mafupi yameacha kusema aghalabu ni kitamu kuliko kile yalichosema.

Hatua ya 1: Panga upya unachoonyeshwa

Mitandao hukuletea zaidi ya kile unachokitazama kwa muda mrefu, hata kama ulikitazama kwa hasira. Ukikaa dakika mbili ukibishana na video ya "siri iliyofichwa na wanasayansi", kesho utaletewa kumi. Kwa hiyo anza kwa kuipita haraka ile usiyoitaka, na bonyeza kitufe cha kusema huvutiwi nayo. Fanya hivyo kwa siku kadhaa mfululizo bila kuchoka, nawe utaona ukurasa wako unabadilika.

Halafu tafuta akaunti chache nzuri. Akaunti nzuri ya sanaa hukutajia jina la kazi, msanii, mwaka, imetengenezwa kwa nini (mafuta juu ya turubai, wino juu ya karatasi, shaba), na imehifadhiwa wapi. Akaunti nzuri ya sayansi hukuambia nani alipima, na kwa chombo gani. Na zote, zikikosea, husahihisha hadharani badala ya kufuta kimyakimya. Akaunti inayotupia posti usiku na mchana, bila chanzo hata kimoja, huku kila sentensi ikiishia na alama tatu za mshangao, iache.

Njia ya mkato ni kwenda kwa wenye mali wenyewe. NASA ina ukurasa wa picha moja ya anga kila siku tangu tarehe 16 Juni 1995, na chini ya kila picha kuna maelezo yaliyoandikwa na mwanaastronomia. Makumbusho ya Metropolitan ya New York ilifungua maelfu kwa maelfu ya picha za kazi zake bila malipo mwaka 2017. Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, ilifuata mwaka 2020. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo inaruhusu upakue picha zake zenye ubora wa juu. Fuata chache kati ya hizi na watunzaji wa makumbusho wanaoandika kwa majina yao. Akaunti kumi unazozisoma zinatosha kabisa.

Hatua ya 2: Tazama picha kabla ya kusoma maelezo

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Macho yetu hukimbilia maandishi, tukishayasoma tunaona tu kile tulichoambiwa. Geuza mpangilio: ficha maelezo kwa kidole, tazama picha kwa dakika nzima, ndipo usome.

Chukua mchoro maarufu wa Rembrandt wa mwaka 1642, unaojulikana kama "Zamu ya Usiku". Ukiuona kwenye simu ni kundi la wanaume wenye silaha gizani, basi. Lakini Rijksmuseum waliupiga picha yenye pikseli bilioni 717 na kuiweka wazi mwaka 2022, hivyo unaweza kuivuta hadi uone nyufa za rangi. Anza na mikono. Nahodha aliyevaa nyeusi amenyoosha mkono wa kushoto mbele, na kivuli cha mkono ule kimeangukia koti la manjano la luteni aliye kando yake. Ukikifuata kivuli hicho utajua mwanga unatoka upande gani, na utagundua kwamba mwanga huo ni mkali mno kuwa wa usiku. Kweli, si usiku. Jina hilo lilikuja baadaye sana, baada ya vanishi na uchafu kuutia mchoro giza.

Sasa angalia nyuma kidogo ya nahodha, kwenye kundi la watu. Kuna binti mdogo anayeng'aa kwa gauni la rangi ya dhahabu, na kiunoni amening'iniza kuku aliyekufa. Anafanya nini katikati ya askari? Kucha za kuku yule zinawakilisha nembo ya kikosi hicho cha walinzi wa mji. Msanii ameiweka nembo ndani ya picha bila kuchora bendera kubwa.

Mwisho tazama kingo. Mwaka 1715 mchoro ulihamishiwa jengo la halmashauri ya Amsterdam, na kwa kuwa haukutosha ukutani, ulikatwa pande zote nne. Vipande hivyo havijaonekana hadi leo. Tunajua vilivyokuwa kwa sababu mchoraji Gerrit Lundens alikuwa ameshatengeneza nakala ndogo kabla ya kukatwa, na mwaka 2021 makumbusho ilitumia nakala hiyo pamoja na akili mnemba kukisia upya sehemu zilizopotea.

Kitu kingine ambacho simu hukiiba ni ukubwa. Mona Lisa ina urefu wa sentimita 77 na upana wa 53. "Zamu ya Usiku", hata baada ya kukatwa, ina upana wa zaidi ya mita 4. Kwenye skrini zote mbili zinatoshea kiganjani. Kila unapokutana na kazi ya sanaa mtandaoni, tafuta vipimo vyake, kisha nyoosha mikono hewani uone ingefika wapi. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini hubadilisha kabisa namna unavyoielewa kazi yenyewe.

Hatua ya 3: Uliza, "Ni kweli kwa maana gani?"

Swali la "kweli au uongo?" halitoshi, maana dondoo nyingi ni kweli kwa namna fulani.

Mfano: "Kwenye sayari ya Zuhura, siku ni ndefu kuliko mwaka." Zuhura hujizungusha mara moja kwa siku 243 za Dunia, na hulizunguka Jua kwa siku 225. Hapo dondoo iko sahihi. Lakini ikiwa siku kwako ni kutoka mawio hadi mawio mengine, hesabu inageuka, kwa sababu Zuhura hujizungusha kinyume na mwelekeo inaouzunguka nao Jua. Kwa hesabu hiyo siku moja ni kama siku 117 za Dunia, na mwaka mmoja wa Zuhura una mawio mawili hivi. Dondoo haijakudanganya, ila imekunyima nusu tamu: kwamba huko Jua huchomoza magharibi.

Mfano wa pili unaonyesha jinsi ukweli unavyoharibika njiani. Kwa miaka mingi, kila ikikaribia Agosti, ujumbe husambaa kwamba Mirihi itaonekana kubwa sawa na Mwezi. Chimbuko lake ni tukio la kweli kabisa: tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilifika karibu na Dunia kuliko ilivyowahi kufika kwa takriban miaka 60,000, umbali wa kilomita milioni 55.8 hivi. Ujumbe wa awali ulisema kwamba *ukiitazama kwa darubini inayokuza mara 75*, Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Maneno ya darubini yakadondoka, mwaka ukadondoka, ikabaki "Mirihi itakuwa kubwa kama Mwezi".

Unaweza kuihakiki hesabu hii mwenyewe. Kipenyo cha Mirihi ni karibu maradufu ya kile cha Mwezi. Lakini siku ile ilikuwa mbali kuliko Mwezi mara 145 hivi. Gawanya 145 kwa 2: Mirihi ilionekana ndogo kuliko Mwezi mara 70 na kitu. Ile 75 ya ujumbe wa awali ilikuwa sahihi, tena ni kipimo kizuri cha kukufanya uelewe sayari zilivyo mbali. Na kwa kuwa Mirihi hukaribiana na Dunia kila baada ya miezi 26 hivi, haiwezekani tukio likawa la kila Agosti.

Kwa hiyo ukikutana na dondoo, jaribu maswali haya: Neno gani lingebadilisha maana kama lingeondolewa? Kipimo kimehesabiwa kutoka wapi hadi wapi? Kalenda ni ipi? Nani alikuwepo?

Hatua ya 4: Fuata picha hadi kwa mwenyewe

Picha ikikuvutia, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Ihifadhi, au piga skrini na ukate maandishi yote yaliyobandikwa juu yake.
2. Iweke kwenye Google Lens au TinEye, zana zinazotafuta mahali pengine picha hiyo ilipotokea. TinEye inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, na hiyo ndiyo unayoitaka.
3. Fungua matokeo ya kwanza kabisa, hasa ya makumbusho, wakala wa picha au jarida. Soma maelezo ya huko.
4. Ukurasa ukiwa umefutwa, nakili anwani yake uitafute katika Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani.
5. Linganisha: maelezo ya mwanzo yalisema nini, na posti uliyoiona inasema nini?

Jaribu kwa zile picha za ndege na popo waliogeuka mawe kando ya Ziwa Natron. Posti nyingi husema kwamba kiumbe akigusa tu maji ya ziwa hilo, huganda papo hapo. Ukifuata picha hadi mwanzo utafika kwa mpigapicha Nick Brandt, ambaye alieleza wazi kwamba aliokota mizoga iliyokuwa imekauka na kuhifadhiwa kwa magadi ufukweni, kisha akaipanga kwenye matawi na mawe ili ionekane kama iko hai. Ni sanaa, na ni sanaa nzuri. Na ziwa lenyewe? Maji yake ni makali kweli kwa magadi, lakini heroe wadogo hutaga na kulea makinda pale kwa mamia ya maelfu, kwa sababu ukali uleule huwazuia wanyama wanaowinda. Posti iliyosema ziwa huua kila kinacholigusa iliacha habari ya kitalu kikuu cha heroe wadogo duniani.

Njia hiyohiyo hufaa kwenye historia. Mchoro wa Kichina wa twiga akishikwa kamba husambaa sana ukiambatana na maneno kwamba twiga huyo alitoka Malindi mwaka 1414. Kwa kweli twiga wa mwaka 1414 alipelekwa kwa mfalme Yongle na mtawala wa Bengal, na wajumbe wa Malindi walifika na twiga wao mwaka uliofuata. Tofauti ni ya mwaka mmoja tu, lakini tazama inachofungua: twiga wa Bengal naye lazima alivuka bahari kutoka Afrika kabla ya kufika Bengal, maana huko hakuna twiga. Kumbe pana biashara nzima ya Bahari ya Hindi nyuma ya mnyama mmoja. Anayekomea kwenye posti ya awali haioni.

Hatua ya 5: Zishuku rangi

Picha ya "Nguzo za Uumbaji", yale mawingu marefu ya gesi na vumbi yaliyo umbali wa miaka ya nuru kama 6,500, ilipigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995. Kijani na dhahabu unazoziona si vile jicho lingeona. Wataalamu walichuja mwanga wa salfa, haidrojeni na oksijeni, kisha wakaupa kila mmoja rangi yake: nyekundu, kijani na bluu. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilizipiga nguzo hizohizo kwa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni kabisa, na hapo nyota changa zilizokuwa zimefichwa na vumbi zikajitokeza. Weka picha hizo mbili kando kwa kando. Ukishajua kila rangi inawakilisha nini, picha inasomeka kama ramani.

Picha za kale zilizotiwa rangi ni jambo tofauti. Ile ya mkutano wa fizikia wa Solvay wa mwaka 1927, yenye wanasayansi 29 akiwemo Marie Curie, mwanamke pekee, ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Rangi za nguo unazoziona kwenye nakala za leo zimekisiwa. Zifurahie, ila usizitumie kama ushahidi.

Na zile zilizotengenezwa na akili mnemba? Ushauri wa kuhesabu vidole vya watu walio pichani unaisha nguvu kadiri programu zinavyoboreka. Kinachodumu ni hatua ya 4: picha halisi ya jengo, kisukuku au mchoro huwa na mpigapicha, mahali na nakala nyingine kutoka pembe tofauti. Picha ya "hekalu lililosahaulika" ambayo ipo kwa pembe moja tu duniani kote, iache ipite. Udanganyifu wenyewe si mgeni. Picha za majini wadogo wenye mabawa zilizopigwa Cottingley, Uingereza, kuanzia mwaka 1917 zilimshawishi hata Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Wapigaji wake, waliokuwa watoto wakati huo, walikiri mwaka 1983 kwamba majini yale yalikuwa michoro iliyokatwa kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Nukuu

Hapa sina maneno mengi. Nukuu yenye sura ya Einstein lakini isiyotaja kitabu, barua wala hotuba, isambaze bila jina lake au usiisambaze.

Hatua ya 7: Weka daftari, na liunganishe kwa miaka

Kuhifadhi posti ndani ya mtandao wenyewe ni kama kutohifadhi, kwa kuwa hutarudi huko. Fungua daftari, la karatasi au la kwenye simu, na kwa kila dondoo andika mistari mitatu: dondoo yenyewe kwa maneno yako, chanzo chake, na kile posti ilichoacha. Mstari wa tatu ndio unaokufanya ukumbuke.

Kisha panga kwa mwaka. Tayari unao mwaka 1642 kutoka kwa Rembrandt. Ongeza: Galileo alifariki tarehe 8 Januari 1642. Isaac Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Posti nyingi huishia hapo kwa mshangao, mmoja kaondoka, mwingine kaja. Lakini Uingereza ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani ya Julius, wakati Italia alikofia Galileo ilishahamia ile mpya. Kwa kalenda ya Italia, Newton alizaliwa tarehe 4 Januari 1643. Dondoo inasimama tu ukichanganya kalenda mbili. Sasa unaweza kuuliza kwa nini nchi mbili zilikuwa na tarehe tofauti siku moja, na jibu litakupeleka kwenye dini, siasa na mwendo wa Dunia kulizunguka Jua. Hiyo ni kazi ya wiki nzima ya kusoma kwa raha, na imeanza na posti moja.

Hatua ya 8: Ukisambaza, sambaza kilichokamilika

Andika maelezo yako mwenyewe badala ya kubonyeza tu kitufe cha kusambaza. Sentensi tatu zinatosha: jambo lenyewe, mahali ulipolitoa, na kile ulichokiongeza. Mtaje mpigapicha au msanii, maana wengi wao huishi kwa kazi hiyo.

Ndugu au mzee akituma kwenye kundi la familia kitu kisicho sahihi, usimsahihishe kwa kumwaibisha mbele za watu. Mshukuru, kisha ongeza: "Nimefuatilia, nikakuta na hili pia." Mweleze ile nusu iliyoachwa. Mtu aliyetuma ujumbe wa Mirihi anapenda anga tayari, na hesabu ya mara 75 itamfurahisha kuliko neno "uongo".

Hatua ya 9: Weka simu chini, ukatazame

Baadhi ya dondoo zinaweza kuthibitishwa na macho yako. Januari 1610 Galileo aliona vinukta vitatu, kisha vinne, kando ya sayari ya Mshtarii, na baada ya usiku kadhaa akatambua kwamba ni miezi inayoizunguka. Darubini ya kawaida ya macho mawili, ile ya kutazamia ndege, inatosha kuiona miezi hiyo usiku usio na mawingu. Tumia programu ya ramani ya nyota kujua Mshtarii iko wapi, egemeza viwiko ukutani ili mikono isitikisike, na uchore unachokiona: duara moja, na nukta kushoto au kulia kwake. Rudia kila usiku unapoweza, saa ileile, na uandike tarehe. Usishangae ukiona nukta tatu au mbili, kwa sababu mwezi mmoja unaweza kuwa umepita nyuma au mbele ya sayari. Mwezi uitwao Io humaliza mzunguko kwa saa 42 hivi, na ule uitwao Kalisto kwa karibu siku 17. Michoro ya wiki tatu itatosha kukuonyesha nukta ipi ni mwezi upi, na ukitaka kuhakikisha, linganisha na ramani ya miezi hiyo iliyomo kwenye programu.